Bibi Aliyekunywa Juisi ya Mwanangu

Mwenzangu uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kwenye bustani ya michezo, nacheka huku nalia.

Tumepanga foleni ya treni ya angani saa nzima. Binti yangu ananivuta sketi, "Mama, miguu inatetemeka." Nikamtoboa kidole hapo hapo kwa kipimo chake cha kisukari. Sukari tatu nukta moja! Imeshuka vibaya. Nikatoa juisi haraka.

Bibi mmoja nyuma yetu akanipokonya. AKANIPOKONYA! "Mtoto ana kisukari, unampa juisi? Mama gani wewe?" Kabla sijafungua mdomo akainywa yeye, eti nisimpe.

Yote, mwenzangu. Mpaka mrija ukalia.

Nikamwambia, sukari ikishuka ndiyo dawa yake hiyo, huyu atanizimikia hapa! Bibi wa watu akatikisa pakiti tupu ya juisi. Mimi napekua mkoba, natoa funguo, natoa kitana, kitu kitamu hakuna.

Binti yangu akavua kofia taratibu. Ndani kuna pipi nne. Zile nilizomkataza jana! Akazitafuna zote, ananiangalia usoni.

Robo saa baadaye nikampima: tano nukta nane. Nikakaa chini kama gunia.

Bibi sasa mpole, "Hebu nipime na mimi, mwanangu." Nikaweka sindano mpya. Yake iko juu, KUMI NA TISA!

Binti yangu akachungulia kipimo, akamshika bibi mkono.

"Bibi, mama yako yuko wapi? Nataka kumuuliza ni mama gani yeye."