Lampe ya Sauti Ndogo

Mjukuu wangu Kambale,

Amani iwe nawe huko Kinshasa. Hapa Butembo shangazi yako Masika amejifungua salama.

Unauliza lampe gani, ile chupa ya kioo inayokuza sauti, isukume zile mbili za mwisho zinazopokezana kazi katika ampli ya kipaza sauti: triode au pentode? Ujanani nilipenda triode, kwa usafi wa sauti yake. Kwenye matanga fulani Beni, nilikofunga ampli ya triode, mjane alisimama kumuaga mume wake kwa sauti ndogo. Nje watu wakalalamika: "Hatusikie kitu!" Nikamuomba apaze sauti. Dada yake akanikatiza: "Fundi, mutu wa kilio hapana kupiga makelele. Ampli yako ndiyo ipige."

Nikaunganisha ampli yangu ya pentode, yenye mikwaruzo kidogo lakini inayokuza sauti zaidi. Chagua, basi, kwa kumfikiria atakayesema. Mjane akaanza upya, kwa sauti ileile, na walio barabarani wakavua kofia.

Babu yako