Dubu wa Melini na Kiti cha Pili

Jumapili, 14 Machi 1999. Beltsville.

Leo manyunyu tangu asubuhi. Baridi ya kijinga, siyo ya theluji, na koti huwezi kuvua. Nimekaa kitandani na daftari. Katikati ya wiki nitaenda maktaba ya Greenbelt kuchapa, maana kijana wa pale ndiye aliyenifungulia huu ukurasa kwenye intaneti. Kompyuta unapewa nusu saa tu, na mimi nachapa kwa kidole kimoja. Sijui nani anasoma. Nadhani hakuna.

Nimerudi jana kutoka safari ya meli.

Basi niseme ukweli tangu mwanzo. Chini ya godoro langu kuna barua. Ni ya kumwambia meneja kwamba naacha kazi, narudi kwetu Newala. Kiingereza chake kibovu lakini kinaeleweka. Niliiandika kabla ya safari, nikajiambia hivi: naenda hizo siku saba, na nikirudi bila mtu hata mmoja kuniita kwa jina langu, Jumatatu barua naipeleka.

Jumatatu ni kesho.

Mtu anaweza kucheka, kwamba jina tu? Lakini kazini, kule chini kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, beji yangu imeandikwa Sal, kwa sababu meneja alisema Selemani ni refu. Kwenye cheki wanaandika Soleman. Mama kwenye simu ananiita baba, maana nimerithi jina la baba yake. Kaka Issa, mtoto wa mama mkubwa, anayekaa Shaw, kule Washington, na kuendesha teksi, ananiita dogo. Siku moja nikiwa nakunja mashuka nikajiuliza, nani wa mwisho kusema Selemani akimaanisha mimi? Nikakumbuka ni yule ofisa wa uwanja wa ndege siku naingia Amerika. Miaka miwili na nusu. Na yeye alikuwa anasoma pasipoti.

Safari yenyewe sikununua, ningeiweza wapi. Kwenye sherehe ya Krismasi ya wafanyakazi walitia vikaratasi vya majina kwenye ndoo ya barafu, meneja akachomoa, kikawa changu. Siku tatu kwenye bustani ya michezo kule Florida, siku nne melini, kula kulala bure, watu wawili. Ni mara yangu ya pili kushinda bahati nasibu. Ya kwanza ilikuwa ya grini kadi, ile ruhusa ya kuishi Amerika.

Mama mmoja wa El Salvador, mwenzangu wa kukunja mashuka, akapiga kelele, "Sal, nichukue mimi! Mume wangu nitamwambia nimelazwa!" Watu wakacheka mpaka wakamwaga soda. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda stoo ya sabuni nikakaa peke yangu.

Watu wawili. Wa pili nimtoe wapi?

Kaka Issa alikubali. Alinunua hadi kaptura. Siku mbili kabla ya kuondoka akanipigia simu. "Dogo, mwenzio nimekwama. Gari lenyewe la kukodi, nikiliacha wiki nzima mwenyewe anampa mtu mwingine. Wewe nenda bwana, kula vya watu wawili, unenepe kidogo!"

Nikasema haya kaka.

Kule kwenye bustani ya michezo kila kitu kimetengenezwa kwa ajili ya wawili. Viti vya kupanda vile vigari vya kwenye reli, viwili viwili. Vijumba vya kuzunguka angani, viwili viwili. Ukifika peke yako yule kijana wa geti anakuinulia kidole kimoja juu, kila mtu aone, anatafuta pengo la kukuchomeka. Nilipanda mara moja, pembeni ya bibi mmoja aliyefumba macho toka mwanzo hadi mwisho. Nikashuka, sikurudi tena.

Halafu kulikuwa na wale waliovaa manyoya. Dubu mkubwa wa kahawia mwenye kofia ya nahodha. Kobe mwenye miwani. Wanatembea kati ya watu, hawasemi neno, wanapunga mikono tu, na watoto wanawakimbilia kama wameona pipi. Wazazi nao wanapanga foleni kwenye jua kali wapige picha, na watoto wameshika vidaftari vya kusainiwa.

Mimi nilikuwa nawapita mbali.

Siyo kwamba nawaogopa. Au labda kidogo. Sisi Wamakonde tuna mapiko, mtu anacheza ngoma amevaa kinyago kichwa kizima, amejifunga nguo mwili wote, huoni ngozi. Mtoto akimwona anatakiwa akimbie. Ukishapita jando unaambiwa ndani mna nini, lakini aliye ndani hatajwi jina. Ukimjua umemjua kimoyomoyo. Mjomba wangu, mdogo wake mama, kazi yake ilikuwa kutembea na mchezaji. Mchezaji akianguka, au kinyago kikilegea, mjomba na wenzake wanamzunguka na kanga, wanampa mgongo, wanaangalia watu, mpaka akae sawa. Mjomba alinifundisha na mimi. Aliniambia usigeuke kumwangalia, hata akilia usigeuke. Nilifanya mara mbili tu kabla sijaondoka.

Kwa hiyo kuona mtu mzima anamkumbatia dubu na kumwambia "piga picha haraka nasikia njaa" kulinipa shida kidogo.

Siku ya nne tukapelekwa melini, ya kampuni ileile, hata wale wa manyoya wamo. Kabini ina vitanda viwili. Nikirudi kutoka kula nakuta mfanyakazi ameshatandika, na juu ya kila mto amekunja taulo likawa mnyama. Tembo wawili. Kesho yake nyani wawili. Mimi taulo ndiyo kazi yangu, nikamkunjua tembo mmoja polepole nione amemfanyaje. Sikuweza kumrudisha. Yule wa kitanda cha pili sikumgusa.

Mezani vilevile, wamenipangia meza ya watu wawili karibu na dirisha. Jioni ya kwanza mhudumu, mtu wa makamo, mpole, akaniuliza, "Unamsubiri mwenzako?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Aibu tu. Akasubiri na yeye, supu ikapoa, mwisho akaniletea chakula. Kesho yake nikamkuta ameweka sahani ya pili na glasi ya pili, na kitambaa amekikunja vizuri. Na kesho yake tena. Nikala siku zote naangaliana na sahani tupu kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo.

Asubuhi ya siku ya tatu melini bahari ilichafuka. Nilikuwa nimeshapata kona yangu, nyuma kabisa, karibu na mlango wa chuma wa wafanyakazi, abiria hawaendi pale. Nimesimama naangalia maji, nikamwona yule dubu wa kofia anakuja akiyumba, ameshikwa mkono na msichana anayemwongoza, maana mwenyewe haoni vizuri mle ndani. Msichana akapitisha kadi yake mlangoni, haufunguki. Akapitisha tena. Akamwambia kitu dubu kisha akakimbia kwenda kutafuta msaada.

Dubu akapiga magoti, amenipa mgongo. Akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akakivua, akaanza kutapika.

Kile kichwa kikabiringika hadi karibu na mguu wangu, kikalala kinacheka, kinaangalia mawingu.

Na wakati huohuo nikasikia watoto wanakuja. Watatu, na vidaftari vyao, na baba yao nyuma. Walikuwa wamemfuata tangu mbele.

Sikufikiri. Pale kwenye kiti kulikuwa na taulo kubwa la mistari, nikalinyakua, nikalitandaza kwa mikono miwili, nikasimama. Dubu nyuma yangu, mimi nawaangalia watoto. Kichwa nilikirudisha nyuma kwa kisigino. Sikugeuka.

"Tunamtaka Dubu," akasema mdogo kabisa.

Mimi nikiwa na haraka Kiingereza changu kinakimbia chote. Nikasema, "Dubu analala."

"Mbona anakohoa?"

"Analala, anakohoa."

Baba yao akaniangalia. Akachungulia chini ya taulo, nadhani aliona miguu ya manyoya imepiga magoti. Akaelewa. Akasema, "Haya jeshi, aiskrimu," akawageuza wote watatu kama kondoo. Yule mdogo alikuwa anaangalia nyuma njia nzima.

Nikabaki nimesimama vilevile na taulo. Mikono sikuishusha. Naomba niandike hili, kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia: zile dakika ndizo za kwanza tangu nifike Amerika ambazo nilijua hasa nifanye nini. Nilijua miguu iwekwe wapi. Nilijua macho yaangalie wapi. Kama mjomba yuko pembeni yangu.

Nyuma yangu sauti ikasema asante. Sauti ya kijana, labda rika langu. Akatapika tena, halafu akauliza, "Unaitwa nani?"

Nikasema Selemani.

"Inaandikwaje?"

Nikamtajia herufi moja moja, nikiwa nimempa mgongo. Hiyo naijua vizuri, nimejaza fomu nyingi. Akawa anasema mhm, mhm, kila herufi. Kabla hajasema lolote msichana akarudi na mtu wa funguo. Nikasikia kichwa kinavaliwa, mlango unafunguka, mlango unafungwa. Nilipogeuka palikuwa na matapishi tu sakafuni.

Uso wake siujui. Wala sikumuuliza jina lake. Kwetu aliye ndani haulizwi.

Jioni ya mwisho, kabla ya chakula, wale wa manyoya wote walisimama ukumbini kuaga watu. Nikaingia dukani nikanunua kidaftari kama cha watoto, chenye nanga juu, nikapanga foleni. Mbele yangu watoto, nyuma yangu watoto. Nilisikia joto masikioni.

Zamu yangu ilipofika dubu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama tunavyomshika mtu mzima kwetu. Hakuachia mapema. Halafu akachukua kidaftari. Kalamu inateleza kwenye yale makucha ya kitambaa, akawa anaandika, anaandika, msichana wake anamsemesha pembeni, foleni inaanza kuguna. Akanirudishia. Sikusoma pale, mimi nasoma polepole na watu walikuwa wanatazama.

Nilisoma kabini. Juu aliandika jina la dubu, lile analoandikia kila mtu. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizolala upande: SELEMANI.

Herufi nane, haikukosekana hata moja.

Nikakaa kwenye kitanda cha pili, kile ambacho sikuwahi kukigusa, nikaliangalia. Kuandikwa ni kuitwa? Hakulisema. Hakuruhusiwa kusema. Jana kwenye ndege nilibishana na nafsi yangu kutoka Florida hadi magurudumu yanagusa chini.

Lakini kuna kitu kingine kilichonikera zaidi, na hiki ndicho kilichonikalisha na daftari leo.

Chakula cha mwisho nilimwambia yule mhudumu ukweli, kwamba hakuna mtu anayekuja, hakuwepo tangu siku ya kwanza. Akasema, "Najua." Akatoa sahani taratibu. "Niliiweka ili wa meza za jirani wasikuulize." Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana beji kifuani na jina lake limeandikwa. Jioni nne liko mbele ya macho yangu, umbali wa mkono. Sikulisoma. Na hata pale nilipoliona nilishikwa na aibu, nikaangalia chini kwenye uma. Mpaka leo silijui.

Mimi ambaye naona kila kitu. Tembo nimemwona, mlango wa chuma nimeuona, yule bibi aliyefumba macho nimemwona. Jina la mtu kifuani sikuliona.

Jana nafika hapa na begi, nakutana kwenye ngazi na jirani wa mlango wa pili, yule Mkongo anayefanya kazi ya kuangalia wazee. Kila nikipishana naye huwa ananisalimia. Akasema kwa kile Kiswahili chao, "Eh, ndugu! Siku mingi sikuone! Nilizani umehama, nikasema huyu kijana ameenda bila kuaga." Na alikuwa kweli amefurahi, hata akanipokea begi.

Nikasema nilikuwa safari. Nikachukua begi, nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Mwaka mzima ananiita ndugu kwa sababu sikuwahi kumpa kingine cha kuniita. Na mimi simwiti chochote. Nimekaa nasubiri watu waniite, mdomo nimeufunga kama nimevaa kichwa cha manyoya.

Sasa hivi namsikia kupitia ukuta, anakaanga samaki, redio inaimba Kifaransa. Barua bado iko chini ya godoro. Sijaichana, nisijisifu. Ila kesho Jumatatu nitaenda kazini bila hiyo barua, na nitamwomba meneja beji nyingine, herufi nane, hata wakiziminya.

Mvua imepungua. Kutoka mlango wangu mpaka wake ni hatua sita. Nimevaa viatu kabisa, ingawa ni hatua sita tu. Maneno nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo, mara tatu.

Ndugu, samahani kwa jana. Mimi naitwa Selemani. Wewe je?