Mpiga Mbiu Hakuwa Mgonjwa

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, Bagamoyo yote imepoa. Mimi ndani nachemka.

Mpiga Mbiu ni roboti niliyoitengeneza mwenyewe kwa kundi la simu la akina mama wa mtaa wetu. Ukiwa na msiba, harusi au hitima, unaiandikia, nayo inamtumia kila mmoja tangazo isipokuwa wewe uliyeandika. Huku kwetu mtu haendi kwenye shughuli asiyoambiwa, na shughuli isiyo na watu ni aibu.

Jumapili ilikuwa arobaini ya mama yangu. Tangazo niliandika siku tano kabla. Wakaja watu tisa, wale niliokutana nao njiani. Masufuria mawili ya pilau yalibaki yamefunikwa, na shangazi akaniuliza mbele ya wageni, "Mwanangu, kwani mama yako aliishi na nani mtaani hapa?"



Jumatatu nikaanza kuitibu roboti. Nikaizima, nikaiwasha, nikapitia programu mstari kwa mstari, nikalaumu mtandao. Matangazo ya wengine yalipita, langu likamezwa. Leo ndipo nikafungua kumbukumbu zake, zinazoonyesha nani kaiagiza nini. Nilizikwepa siku zote hizo kwa sababu sikutaka kumshuku mtu.

Amri ilikuwa pale: namba yangu inyamazishwe. Imetoka kwenye simu ya Saada.

Saada! Tumesoma madrasa mkeka mmoja. Ni yeye peke yake niliyempa ruhusa ya kuiamrisha. Nilikaa naye barazani nikamfundisha amri hiyohiyo, tuwazuie matapeli.

Nimempigia. Hakukana. "Harusi ya mwanangu ulituma maua ya kwenye simu, shoga," akasema. "Nikaona na wewe uonje."

Ni kweli, nilituma maua. Nilikuwa Chalinze kikazi, nikajiona nimemaliza. Lakini mama alimkosea nini? Mama ndiye aliyemsuka nywele siku Saada mwenyewe alipoolewa.

Nimeiondoa amri, nikalituma upya tangazo la arobaini, siku nne baada ya arobaini yenyewe. Pole zikamiminika. "Hatukuambiwa, jamani!" Saada naye kaweka mikono ya dua.

Nimeumia sana.

Akina mama wanadhani Mpiga Mbiu aliugua, wanauliza kama amepona. Nimejibu amepona. Jina la Saada bado liko kwenye orodha ya wenye ruhusa. Nikimtoa, roboti yenyewe itautangazia mtaa mzima kuwa katolewa, ndivyo nilivyoitengeneza. Nikimwacha, siku yangu ikifika nani atatangaza?