Mianzi Aliyoikata Mama Mkubwa

Jumatano. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ukaondoka mnamo saa nne, na tangu hapo jua limekuwa jua la kuanikia mtama. Nimekaa kizingitini na daftari langu, miguu imejaa michubuko, mikono inanuka majani mabichi, nami nacheka peke yangu. Mke wangu amepita mara mbili akiniuliza kama nina homa.

Sina homa. Nina furaha, na sijui niiweke wapi, basi naiweka humu.

Ila nianze na aibu, maana bila hiyo furaha yenyewe haieleweki.

Kazi yangu ni kuhesabu miche. Mapadre walinifundisha kusoma na kuandika, na Bwana Misitu, Mdachi wa bomani Morogoro, alipotaka mtu wa milimani anayejua miti na kalamu, nilipelekwa mimi. Miaka miwili iliyopita tulijitwika miche ya mkani kutoka kitalu cha Kilakala, tukapanda nayo hadi kigongo kilicho juu ya kijiji chetu, tukaipanda ndani ya mianzi, mingi kigongoni, michache bondeni kando ya kijito. Mkani sisi tunaujua tangu zamani, mbegu zake tunazikamua mafuta ya kupikia. Bwana anautaka kwa mbao.

Mwaka uleule msitu ukawekewa mpaka. Kuanzia kwenye mawe yaliyopakwa chokaa kwenda juu ni mali ya serikali, na mwanamke akionekana na mwanzi begani anapelekwa bomani. Akina mama wa ukoo wetu husuka matenga na nyungo ambazo watu huzifuata hata kutoka Mikese. Walinyang'anywa miundu saba. Naikumbuka idadi kwa sababu aliyeiandika ni mimi.

Na miche haikukua. Kila nilipopanda kuihesabu, nikiishia kigongoni, niliikuta ileile, urefu wa kidole, majani mawili matatu. Mingine ililaliwa na mianzi mikavu iliyoanguka, mingine ilifukiwa na majani yanayodondoka mwaka mzima. Mchana wa jua kali, chini ya mianzi ile unatafuta mkono wako kwa giza. Mwezi uliopita nikaandika katika daftari la kazi: miche mingi imekufa.

Bwana Misitu aliposoma akasema atakuja kujionea. Kama ni kweli, kiangazi kijacho kigongo kizima kitafyekwa na kutiwa moto, na wanaume wa kijiji wataitwa kwa nguvu kuifanya kazi hiyo. Kijito tunachokunywa kinatoka chini ya kigongo hicho.



Halafu kuna jambo la pili. Wakati wa Kwaresima nilimkuta Mama Mkubwa Apolonia bondeni kando ya kijito, ndani kabisa ya mpaka, anakata mianzi. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mkononi alikuwa na mundu wa nane, ambao hakuna aliyejua kuwa upo. Nilisimama. Naye akasimama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Mkubwa." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaendelea kukata.

Nikashuka, nikaandika: hakuna aliyeingia msituni.

Tena niliandika kwa mwandiko mzuri, na bondeni sikurudi tena kuhesabu.

Leo tulipanda watatu: Bwana Misitu, mimi, na mnyapara Shomari. Shomari ni mtu wa Mwembesongo, mcheshi sana akiwa mjini, lakini mlimani hulalamika kuanzia jiwe la kwanza. Tuliingia kwenye mianzi minene juu ya kigongo. Bwana alitambaa kwa magoti, akafukua majani makavu kwa vidole, akaikuta miche yangu, midogo, imepinda, imesinyaa. Mtu mwenye hasira angalau unajua usimame upande gani. Huyu alifunga kalamu yake tu.

Tukashukia bondeni ili anywe maji. Mimi nilijua tunakokwenda, na kila hatua nilitamani njia ipotee.

Njia haikupotea. Tulitokea kando ya kijito, na pale mianzi ilikuwa imeachana. Jua lilipenya vipande vipande kama kwenye paa bovu. Katikati ya mashina, mikani ile tuliyoipanda siku moja na ile ya juu ilikuwa imesimama. Mmoja ulinifika kifuani. Majani yake yalikuwa mapana, ya kijani kizito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta.

Bwana Misitu alivua kofia. Alizunguka mti hadi mti akiigusa, akicheka kama mtu aliyekutana na ndugu sokoni. Kisha akaona visiki vya mianzi, vimekatwa karibu na ardhi, kwa mshazari, safi.

"Nani amekata hapa?"

Nilifungua mdomo. Shomari akaniwahi.

"Ni mimi, Bwana. Mimi na watu wangu."

Nakiri hapa: nilishukuru. Niliona Mama Mkubwa amepona, nami nimepona, na mwenye kuchukua sifa achukue.

Bwana akamuuliza alikataje. Shomari akakuna shingo. "Tulikata yote, Bwana. Tulifyeka. Hii unayoiona imeota baadaye."

"Vizuri," akasema Bwana, akafungua daftari lake. "Basi tutafyeka yote. Kigongo kizima."

Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga utelezi. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumemwokoa Mama Mkubwa, na sasa kulikuwa kunauza msitu, kijito na migongo ya wajomba zangu wote.

"Si kweli, Bwana," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa katekisimu. "Amekata Mama yangu Mkubwa. Na hakukata yote. Mimi nilimwona, nikaandika kuwa sikumwona mtu."

 

Bwana aliniangalia, akamwangalia Shomari, ambaye ghafla aliona kitu cha maana sana juu ya mti. Kisha akasema, "Mlete."

Nilishuka mbio, ndiyo maana nina michubuko hii. Nilimkuta anachambua maharage. Nilimweleza huku nikihema, nikitegemea alie au anilaani. Akamwaga maharage chunguni, akavaa kanga yake ya Misa, akasema, "Nilikutegemea uje juzi. Ulikuwa unangoja nini?"

Alimwamkia Bwana kwa adabu, lakini hakuinama. Bwana alipomuuliza kwa nini miti ya hapa imekua na ya juu imekufa, akauliza yeye, "Nani kasema imekufa?"

Mimi nikatazama viatu vya Bwana.

Akatupandisha tena kigongoni, mwanamke mwenye wajukuu, mbele yetu sote. Akachutama kwenye mianzi minene, akatafuta mche mmoja uliopinda, akaukwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani kibichi, na majimaji.

"Haujafa huu. Umekaa tu. Mwanzi unakula jua lote huko juu, na majani yake yanaufunika huku chini. Mche unafanyaje? Unangoja."

Bwana akauchimba kwa kisu. Shina lilikuwa jembamba, lakini mzizi wake ulikuwa mnene na umezama chini. Akakwaruza mwingine, na mwingine. Kijani. Kijani. Mmoja tu ulikuwa mkavu. Mimi nami nikapiga magoti nikaanza kukwaruza kama kichaa, na kila nilipoona kijani nilipiga kelele. Kumbe mwezi uliopita niliwaandika kuwa ni maiti watu hai wenye afya!

Bwana akauliza, kwa nini basi tusifyeke yote.

"Ukifyeka yote, jua linaichoma hii midogo, haijalizoea," akasema Mama Mkubwa. "Halafu kamba za msituni zinaingia, zinaipanda. Na mwanzi wenyewe mvua ikinyesha unarudi kwa hasira, mnene kuliko mwanzo. Mimi nakata ile mikongwe. Michanga naiacha. Ile mikavu iliyoanguka naibeba, isiilalie miche. Kila mwaka narudi tena."

"Ulifanya hivyo kwa ajili ya miti yangu?"

"Nilifanya kwa ajili ya matenga yangu," akajibu. "Mwanzi mkongwe ndio unaofaa kwa tenga. Lakini mkani nao naupenda. Ninapika kwa mafuta yake."

Bwana Misitu alicheka mpaka akakaa chini. Alipoacha kucheka akaandika muda mrefu, kisha akatutafsiria: moto hakuna. Akina mama wa ukoo wetu wataingia msituni kupunguza mianzi, ile mikongwe tu, na msimamizi wao atakuwa Mama Mkubwa Apolonia. Mianzi watakayoikata ni yao.

Nilidhani atapiga vigelegele. Akakunja mikono.

"Miundu yetu saba iko bomani," akasema. "Ikirudi, tunaanza."

Shomari alivuta pumzi kwa hofu. Bwana akaandika tena. Miundu inarudi Ijumaa, na atakayeileta, kuupanda mlima wote huu kwa miguu, ni Shomari. Aliitikia "ndiyo, Bwana" kwa sauti ya mtu anayetiwa dawa ya macho. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana.

Mimi nami nilipata changu. Bwana alinirudishia daftari la kazi, akasema kosa la kuandika uongo lina fimbo, lakini leo hana mkono wa fimbo. Nitahesabu upya miche yote, mmoja mmoja, kwa kuukwaruza, na kila ukurasa atausaini Mama Mkubwa kwa kidole gumba. Hiyo ndiyo adhabu. Hajui kuwa ameniadhibu kwa kitu ambacho ningekiomba.

Habari ilifika kijijini kabla yetu, sijui kwa miguu ya nani. Akina mama walikuwa wametoka nje, vigelegele vinaruka kutoka nyumba hadi nyumba, na binti wa Mama Mkubwa alikuwa ameshapanga mahali pa kuweka matenga ambayo hayajasukwa. Mjomba mmoja, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka, alinishika mkono akautikisa muda mrefu.

Bado najiuliza: Shomari angesema "tulikata mikongwe tu," je, ningefungua mdomo? Sijui. Sitaki kujidanganya katika daftari hili pia, lile la kazi linatosha. Ila najua kilichotokea, na leo kinanitosha.

Sasa hivi Mama Mkubwa amepita. Ameniambia hatungoji miundu ya bomani ili kuhesabu, tunaondoka jogoo la kwanza, na atakayechelewa atatukuta kigongoni.

Basi naliweka daftari. Ninakusudia kuamka kabla ya Mama Mkubwa, jambo ambalo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuliweza.