Nyumba Nimeiuza, Kaburi Lako Sikuliuza

Mwaitu,

Nyumba nimeiuza. Na nimemvunja mdogo wangu Mutua mkono. Nakuambia yote mawili kwa pumzi moja, mama, kabla watu wa mji wetu wa Kabati hawajakufikishia kwa njia zao.

Uliniambia ukiwa kitandani, "Bora aingie mtu wa kuwasha moto kuliko nyumba igeuke zizi la mbuzi wa watu." Hati ukaiandikisha kwa majina ya sisi wawili, mimi na mdogo wangu, ukiamini tutasikizana. Hapo ulikosea, mama.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi broka wa nyumba alipofika. Alipanga foleni ya chakula cha matanga, sahani mkononi, akamwinamia Mutua: "Pole sana, bro. Na hii boma mna mpango gani nayo?" Nilitamani kumsukumia ile sahani usoni. Nimesoma vitabu vingi kuhusu wanyonyaji, nimeandikia magazeti mpaka wahariri wakanichoka, lakini sijaona kupe kama huyu. Hajafyatua tofali. Hajabeba mtungi wa maji. Hajui kwamba kila mstari wa ukuta ule umetokana na pesa za viondo, vikapu ulivyosuka mpaka vidole vikapinda. Anasimama tu kati ya anayeuza na anayenunua, kinywa wazi, kisha anaita hiyo kazi.

Nikachukua ubao, nikaandika kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA NA MWENYEWE. BROKA USIPIGE. Nikaupigilia langoni. Simu zikaja, na kila aliyepiga nilimwambia ukweli kwamba kaburi la mama yangu liko nyuma ya tangi la maji. Wakakata mmoja baada ya mwingine. Kuna aliyeuliza, "Madam, kwa hivyo nikioga mamako ananiangalia?" Nikamjibu kwamba hata ulipokuwa hai ulikuwa na kazi za maana zaidi.

Mutua hakucheka. "Syombua, unauza nyumba ama unauza matanga?" Broka alikuwa ameshamfundisha: kaburi livunjwe, lisawazishwe, ipandwe sukuma wiki. Mnunuzi wa Nairobi atajuaje?

Jumanne nilikuwa natoka soko la Tulia. Nilisikia sururu kabla sijafika langoni. Msalaba wako ulikuwa umelala kifudifudi, saruji imepasuka kutoka kichwani mpaka miguuni. Broka amekalia ndoo, anaelekeza: "Hapo, hapo, ng'oa." Na aliyekuwa aking'oa ni mwanao. Yule yule aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali.

Siku zote ulisema mdomo wangu utanifikisha polisi. Mikono hukuitaja.

Niliokota mpini wa jembe ukutani. Pigo la kwanza lilimpata Mutua mgongoni. La pili akajikinga, nikausikia mfupa, Mwaitu, ukikatika kama kuni kavu. Broka akanipasua paji la uso kwa jiwe. Damu ikanijaa machoni na bado nikapiga, nikipiga nisichokiona. Mama Rukia, jirani anayekaanga mahamri ng'ambo ya barabara, ndiye aliyekuja mbio na karai la mafuta yanayochemka akammwagia broka miguuni. Kelele alizopiga zilisikika mpaka kwa kinyozi. Sikumhurumia. Simhurumii hata sasa.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Mutua alikuwa ameshaitupa sururu. Alikuwa amepiga magoti na anaita. Hakuniita mimi. Alikuita wewe. "Mwaitu! Mwaitu!" Na mimi nikampiga tena.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikazunguka meza, nikarudi. Haijabadilika.

Mama Rukia alinifunga paji la uso kwa leso yake. "Kumbe hii nyumba haijauzwa?" akasema. "Nilidhani wakubwa wameshaichukua." Nikamwonyesha ulipolala. Akatazama ile saruji, akatikisa kichwa. "Huyu hajawahi kunirushia jiwe. Niuzie mimi."

Mkataba tuliuandika wenyewe mezani kwako, wakili wa Kitui akaunyoosha. Kaburi linabaki. Halizungushiwi ua, halipandwi kitu juu yake, na watoto wako wana njia siku yoyote. Kisha wakili akauliza kama mwenzangu wa kwenye hati atatia sahihi. Bila Mutua bodi ya ardhi isingekubali, mauzo yangekufa, na broka angerudi na sururu nyingine. Na mkono wa kutia sahihi ndio niliouvunja.

Siku ya kikao cha bodi, Mutua alikuja. Plasta mpaka kwapani, shati limening'inia upande mmoja. Mzee mmoja wa bodi akamwuliza, "Kijana, nini kilikupata?" Nilishika kiti. Neno moja tu lingenipeleka seli, na nyumba ingekwama.

"Nilianguka, mzee," akasema. "Nilikuwa natengeneza kaburi la mama."

Akachovya dole gumba la kushoto kwenye wino, akabonyeza.

Nje akaniuliza, "Ulikuwa unaniua?"

"Ndiyo."

"Nilijua." Akatembea hatua kadhaa kisha akageuka. "Mwaitu angetuchapa wote."

Jumamosi tunakuja kuziba saruji na kuusimamisha msalaba. Yeye ana mkono mmoja, kwa hiyo mimi nitachanganya na yeye ataelekeza. Nakuahidi sitambishia, hata akisema mchanga umezidi na mimi naona haujazidi. Nikishindwa na hilo, nifukuze.

Kwaheri, mama. Mama Rukia ameshawasha moto jikoni, nimeuona moshi kutoka barabarani. Jumamosi nitabisha hodi kwenye lango letu kama mgeni, na nikikaribishwa, nitaingia.

Mwanao,
Syombua