Plaiwudi Iliyochemshwa

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole tena kwa mguu. Tumesikia plasta itatolewa karibuni, tukafurahi. Huku sote wazima, na watoto wanakuamkia.

Mashua yako imepona kabla yako. Najua ndiyo habari unayoisubiri, maana abiria wako wameanza kuvushwa na jirani, na jirani hana haraka ya kuwarudisha.

Ulipoiacha, ubavu wake ulikuwa umeoza kiasi cha kidole kupenya. Nilikwenda dukani, na muuzaji akaniapia kuwa plaiwudi yake haijui maji. Kweli haikuyajua. Ilipokutana nayo ilishtuka. Nilikuwa nimeipigilia, nimeipaka rangi ya buluu ikang'aa kama kabati jipya, kisha nikamwita mkaguzi wa vyombo apande. Hatujafika mbali na gati, tabaka zikaanza kufunguka kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Mkaguzi alitoka maji yakiwa kiunoni, kofia bado kichwani, akaniuliza kama nilikuwa natengeneza mashua au beseni la kuogea. Akatoa wiki mbili, la sivyo leseni yako inafutwa.

Usipandishe presha, tuliivuta nchi kavu siku ileile.

Basi tukaanza upya. Tuliomba vipande vidogo duka hadi duka, tukatazama kingo zake. Chenye pengo katikati ya tabaka kilirudi kwa mwenyewe. Vilivyobaki tulivichemsha kwenye sufuria. Cha kwanza kiliachana hata maji hayajatokota sawasawa. Cha pili kikavimba kama shavu lenye jino bovu. Jirani wa mlango wa pili alikuja kuomba chumvi, akafunua sufuria, akaona mbao zinaelea. Alikwenda kwake akarudi na sahani ya chakula, akaiweka mezani, akatupa pole.

Cha tatu kilichemshwa, kikaanikwa, kikachemshwa tena, kikatoka kama kilivyoingia. Tukanunua plaiwudi ya aina hiyo. Kumbe plaiwudi hunywa maji kupitia kingo, si usoni. Kingo zote zilipakwa gundi ile ya kuchanganya makopo mawili, mara tatu, na kila tundu la skrubu, na hata upande wa ndani usioonekana na mtu. Rangi ikaja mwisho kabisa.

Mkaguzi alirudi, akakaa ndani saa nzima na tochi yake. Pakavu! Akasema hajaona kazi safi kama ile, akauliza fundi ni nani.

Kaka, hapa kalamu inakuwa nzito. Nimekuandikia tulichemsha, tulinunua, lakini mimi simo. Baada ya ile aibu nilijilaza siku tisa nikisingizia homa. Aliyezunguka madukani, aliyechemsha, aliyepaka, ni mke wangu, shemeji yako, peke yake. Mchango wangu ulikuwa kulalamika kuwa nyumba inanuka gundi. Na mkaguzi alipouliza, nilijibu, "Fundi ni mimi," mwenzangu amesimama pale pale na brashi mkononi. Hakunigombeza. Tangu siku ile akiandaa chakula ananiambia tu, "Fundi, karibu ule."

Jana asubuhi nilishindwa, nikaenda ofisini kwa mkaguzi kusema ukweli. Alivuta droo, akanionyesha fomu. Mahali pa jina la fundi palikuwa patupu. Alisema siku ile mwenye gundi mpaka kwenye nyusi hakuwa mimi, kwa hiyo alikuwa anangoja tu aone nitachukua siku ngapi. Akaandika jina la shemeji yako nikiona, kisha akanituma nimwambie kuna mashua mbili za idara zinamhitaji.

Nilipofikisha ujumbe, nikamwomba radhi. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akanipa msasa.

Anakusalimu sana. Anasema usitoroke hospitali, mashua haiendi popote bila wewe. Nami nakuombea mguu uunge vizuri. Naishia hapa kwa sababu naitwa nikashike kopo.

Ni mimi mdogo wako,
msaidizi wa fundi.