Kadi ya Picha

Jumanne

Kosa ni langu. Nilimwagiza Hamisi, fundi kompyuta wa Mwanga, kadi ya picha kutoka Dar, ya mtumba, maana mpya siimudu. Leo amenikabidhi kadi ya kamera, ile ya kuhifadhia picha.

"Kwani wewe si mwandishi wa habari, mzee? Nikajua kamera imekufia!"

Majina ya watu nahakiki mara mbili kabla ya kuyaandika. Neno hili moja, "picha", sikulihakiki.

Kasha, kioo na prosesa vya kompyuta ninayoiunda vimekaa tu mezani. Bila kadi niliyoitaka, ile ya ndani ya kompyuta inayotoa picha kwenye kioo, gemu hazifunguki, na nilimwahidi binti yangu Neema, aliyeko Mwanza kwa mama yake, kwamba Jumamosi tutacheza mpira mtandaoni.

Nimempigia kumwambia haitawezekana.

"Sawa, baba."

Hakuuliza sasa tutacheza lini. Mwaka jana angeuliza.